Maswali ya Wasomaji: Kutembea Vilima vya Ngong, na Kurudi

Barua nyingi zilizofika kwenye dawati hili mwezi huu zilihusu jambo moja: kutembea kwa miguu kwenye vilima vya Ngong na vijia vinavyouzunguka mji mdogo wa Ngong. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na nimezifupisha pale zilipojirudia. Ninaishi upande huu wa Nairobi kwa miaka kadhaa sasa, kwa hiyo njia ninazozieleza ni zile ambazo nimezikanyaga mwenyewe, nyingine zaidi ya mara moja na nyingine kwa kujuta.

*Mhariri, sisi ni wafanyakazi kumi na wawili wa ofisi moja hapa jijini, na tumepanga kuvitembea vilima vya Ngong kutoka mwanzo hadi mwisho siku ya Jumamosi. Wengine wanatuambia ni saa tatu tu, wengine wanasema ni siku nzima. Tuondoke saa ngapi, na je, turudi kwa njia ile ile? – Msomaji, Umoja*

Wanaosema saa tatu na wanaosema siku nzima wote wamesema kweli, kwa sababu hawazungumzii safari moja. Anayeingia kwa lango la upande wa mji wa Ngong, akapanda hadi kwenye mitambo ya umeme wa upepo, akavuka kilele kimoja au viwili kisha akageuka, atakuwa mjini tena kabla ya chakula cha mchana. Anayeufuata mgongo wote wa vilima kuelekea kusini hadi Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, ana takribani kilomita 10 hadi 12 mbele yake kwa upande mmoja. Nanyi mkiwa kumi na wawili, na katika kundi la kiasi hicho hakosekani anayefunga kamba za viatu wala anayetaka kupigwa picha, hesabuni saa tano hadi sita. Msizifananishe kilomita hizo na za barabara ya lami. Mgongo huo hupanda na kushuka mara saba hivi, na kilele cha juu kabisa, Lamwia, kina mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Kila mkidhani mmefika kilele cha mwisho, kingine kitachungulia nyuma yake.

Ushauri wangu ni kwamba safari hii ipangwe kuanzia mwisho wake. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na tofauti kati ya mwezi na mwezi ni ya dakika chache tu. Kona Baridi nayo si steji kubwa. Magari ya abiria yanayotoka upande wa Magadi hupita kwa nadra, na mengi hufika hapo yakiwa yamejaa. Mkitaka kuwa Kiserian kukiwa bado na mwanga, ambako mtapata matatu namba 126 za kurudi jijini bila taabu, yawapasa muwe mmeshuka Kona Baridi kufikia saa kumi. Ondoeni saa sita za kutembea na moja ya kula na kupumzika, nanyi mtaona kwamba mnatakiwa kuwa langoni saa tatu asubuhi, na kwamba matatu namba 111 ya kutoka katikati ya jiji kuja Ngong mnatakiwa kuwa mmeketi ndani yake saa moja na nusu. Anayechelewa aachwe. Nasema hivyo bila kuona haya.

Niliwahi kuipuuza hesabu hiyo. Tulikuwa wanne, tukaanza saa tano kasoro kwa ajili ya kumngoja mwenzetu mmoja, kisha tukakaa mno kwenye kilele cha pili tukila chapati na mayai ya kuchemsha huku tukilitazama Bonde la Ufa. Tulipotokea barabarani Kona Baridi, jua lilikuwa limebaki upana wa vidole viwili juu ya upeo. Tulisimama pale zaidi ya saa moja, jasho likitukaukia mgongoni, na nikaelewa kwamba walioliita pahali pale kwa jina hilo hawakuwa wakitania. Aliyetuokoa ni dereva wa lori la mchanga: wawili walikaa mbele pamoja naye, na wawili, nikiwemo mimi, tukapanda juu ya mzigo. Mchanga ulikuwa mbichi. Hadi tunashuka Kiserian nilikuwa nimekaa kwenye maji kama mtoto aliyekojoa.

Ninyi mna bahati kwa idadi yenu. Matatu moja ya viti 14 inawatosha, kwa hiyo ikodini kwa siku nzima, iwashushe langoni asubuhi kisha iende kuwangoja Kona Baridi. Gharama mkigawana haitakuwa mbali sana na nauli mliyokuwa mtumie, na dereva atakuwa na sababu ya kuwapigia simu mkichelewa. Kurudi kwa njia ile ile kunawezekana, ila hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 20 za kupanda na kushuka, na siwezi kumshauri anayekwenda kwa mara ya kwanza aifanye.

Jambo moja zaidi. Vilima hivyo ni msitu wa serikali ulio chini ya shirika la misitu la Kenya, KFS, na kuna ada ya kiingilio inayolipwa langoni kwa simu, basi kila mmoja awe na chaji. Visa vya watembeaji kuporwa vimewahi kutokea, hasa katika sehemu za mbele ambako watu ni wachache. Kwa hiyo mkiwa langoni ombeni askari wa kuwasindikiza mkilipie, na yeye ndiye atembee nyuma ya kundi, kwa sababu wanaoachwa nyuma ndio walio hatarini zaidi. Wa mbele wanaonana.

*Je, ni lazima ninunue buti za bei ghali ili nipande Ngong? – Kijana, Kayole*

Si lazima. Raba yenye soli iliyochongoka inatosha, na katika soko la Gikomba utazipata nzuri kwa bei ya kupatana. Ukiijaribu, simama kwenye ngazi ukiwa umeelekea chini, uusukume mguu mbele ndani ya kiatu: vidole vikigusa ncha, iache hata kama rangi imekupendeza. Kwenye mteremko wenye changarawe vidole hivyo vitagonga mara elfu kadhaa kabla hujafika chini, na baada ya siku mbili utaona kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi. Kata kucha siku moja kabla. Kisha kaza kamba karibu na kifundo kabla ya kila mteremko mrefu, ili kisigino kibaki nyuma, na uzilegeze kidogo unapoanza kupanda tena. Kiatu kipya kisichokwenda hata sokoni kisianzie kazi Ngong. Malengelenge hayana huruma.

*Dada mhariri, nilizaliwa na kukulia Mombasa, na nimehamia South B mwaka huu. Mazoezi nafanya kila siku, lakini nilipopanda Ngong nilihema kama mgonjwa, kichwa kikaniuma, na uso ukababuka ijapokuwa kulikuwa na baridi. Je, nina tatizo la moyo? – Msomaji, South B*

Kuhusu moyo, dada yangu, mwenye haki ya kusema ni daktari, na ikiwa ulihisi maumivu ya kifua au kuzirai, nenda kwake kabla ya kwenda kilimani. Lakini hayo uliyoyaeleza yana maelezo mepesi zaidi. Umelelewa kando ya bahari, mahali ambapo hewa ina uzito wake kamili. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na kwenye mita 2,460 za Lamwia kila pumzi unayoivuta inakupa takribani robo tatu tu ya oksijeni ambayo pumzi hiyo hiyo ingekupa Likoni. Mwili huzoea, ila huhitaji majuma kadhaa, na mazoezi unayoyafanya South B hayawezi kuufundisha kimo ambacho South B haina. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Ukikatika katikati ya sentensi, umezidisha.

Maumivu ya kichwa mara nyingi ni kiu iliyojificha. Upepo wa juu ya mgongo ule hukausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo mtu hudhani hakutoa jasho na hakunywa maji. Beba lita mbili, na uanze kunywa kabla koo halijakudai. Uso kubabuka kunatokana na jua lile lile unalolijua. Tofauti ni kwamba kule juu miale yake hupita kwenye hewa nyembamba na huunguza zaidi, huku baridi ikikudanganya kwamba hakuna jua. Kofia yenye kamba ya kufungia kidevuni ni bora kuliko kofia nzuri isiyo na kamba, maana hiyo ya pili utaiona mara ya mwisho ikielekea bondeni.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 68, na goti langu la kushoto halinitii. Wajukuu wananitaka niende nao. Kuna njia isiyo na milima karibu na Ngong? – Mwalimu mstaafu, Dagoretti*

Shikamoo Mwalimu. Ipo, na kwa maoni yangu ni nzuri kuliko ile ya vilima kwa mtu anayetaka kuona badala ya kushindana. Katika msitu wa Oloolua, ndani ya eneo la taasisi ya utafiti wa nyani upande wa Karen, kuna kijia kilichotengenezwa kinachopita chini ya miti mikubwa hadi mto Mbagathi, penye maporomoko madogo ya maji na pango ambalo wajukuu hawatataka kutoka. Kuna ngazi chache za kushukia majini, ambazo unaweza kuwaachia wao huku ukiketi kivulini. Njia ya pili ni msitu wa Karura, upande mwingine wa jiji, wenye takribani hekta 1,041 na njia pana zilizo karibu sawa kabisa. Ukiwa pale waeleze watoto kwamba mwezi wa Januari mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa hadi akajeruhiwa kichwani alipokwenda na wenzake kupanda mti, wakati sehemu za msitu huo zilipokuwa zimegawiwa watu binafsi kwa ajili ya kujenga. Nadhani mwalimu atalisimulia hilo vizuri kuliko mimi.

Ikiwa wajukuu wameshikilia ni vilima tu, pandeni kwa gari hadi karibu na mitambo ya upepo, mkatembee kwenye barabara ya vumbi iliyo katikati yake, ambayo haina mwinuko wa kutisha. Mitambo hiyo 30 ni ya kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen na ina uwezo wa megawati 25.5, na mitambo ya kwanza kabisa pale ilijengwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Simama chini ya mmoja wao usikilize bawa likipita: ni sauti kama ya kanga nzito ikikung'utwa.

Kumbuka tu kwamba goti huumia zaidi katika kushuka kuliko katika kupanda, kwa kuwa kila hatua ya kushuka huliangushia uzito wote wa mwili. Chukua fimbo ambayo ukiishika imesimama wima, kiwiko chako kinakunja pembe mraba, na uitangulize chini kabla ya mguu. Shuka kwa hatua fupi, tena kwa kwenda upande upande badala ya moja kwa moja. Wajukuu watasema unachelewesha. Waache watangulie.

*Mwanangu wa darasa la nne ameambiwa shuleni kwamba vilima vya Ngong ni vidole vya jitu. Mimi sikujua la kumjibu. – Mama, Buruburu*

Mwambie mwanao kwamba ndivyo inavyosimuliwa, na avitazame kutoka jijini asubuhi, ataona mwenyewe vifundo vya ngumi. Masimulizi ya Wamaasai yanasema jitu lilijikwaa kwenye mlima Kilimanjaro, likaanguka, na mkono wake ukabaki hapo. Jina la Ngong lenyewe huelezwa kwamba limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya jicho la kifaru, na kwa kuwa katika lugha hiyo jicho na chemchemi huitwa kwa neno moja, wengine husema ni chemchemi ya kifaru. Wataalamu wa miamba nao wana simulizi lao: hayo ni mabaki ya volkano kubwa ya kale, ambayo upande wake wa magharibi ulididimia Bonde la Ufa lilipopasuka, ukaachwa huu wa mashariki peke yake. Ndiyo maana upande wa Nairobi mteremko ni wa kadiri, lakini upande wa bondeni ardhi inakatika ghafla. Akipenda treni, mwongeze hili: tangu mwaka 2019 treni ya SGR ya kwenda Suswa hupita kwenye handaki la kilomita 4.5 chini ya vilima hivyo hivyo.

*Mhariri, mimi si mtembeaji. Shamba langu liko chini ya vilima, na kila mwisho wa wiki watu nisiowajua hupita katikati yake wakifuata simu zao. Lango la mifugo huachwa wazi, chupa hutupwa, na mbwa wao mmoja alimfukuza mbuzi wangu hadi akavunjika mguu. Nikiwauliza, wananiambia hii ni njia ya umma. Je, ni kweli? – Mkazi wa chini ya vilima*

Mzee wangu, si kweli, na pole kwa mbuzi. Msitu una mpaka wake, na kinachoanza chini ya mpaka huo ni mashamba na malisho ya watu. Hapa Kenya mtu hana haki ya kukatiza ardhi ya mwenziwe kwa sababu tu anatembea kwa starehe. Sheria inayohusu kuingia kwenye ardhi ya mtu bila idhini ipo, ni Sura ya 294 ya sheria za Kenya, na inamhusu mtembeaji mwenye mkoba wa bei kubwa kama inavyomhusu mwizi wa mahindi. Isipokuwa kama kuna barabara iliyopimwa na kuonyeshwa kwenye ramani ya upimaji, wanaopita kwako wanapita kwa hisani yako.

Nadhani najua wanavyofika. Kuna programu za simu ambazo mtembeaji mmoja hurekodi alikopita na wengine mia wakaufuata mstari wake. Mstari huo haujui kwamba siku ile ya kwanza aliyeurekodi alikuwa amepotea, au alikuwa akikwepa kulipa langoni, wala hauonyeshi ua. Kwa hiyo nawaambia wasomaji wengine, kwa kuwa barua hii ni yao zaidi kuliko ya mzee: mkikuta ua, simu imekosea. Rudini mkatafute njia, au mtafute mwenye boma mwombe kupita, mkianza kwa salamu na si kwa swali la njia iko wapi. Lango mlilolikuta limefungwa lifungeni tena mkishapita, mkihakikisha komeo limeingia, na mlilolikuta wazi liacheni wazi, kwani huenda ng'ombe wanangojwa. Mkikutana na kundi la mbuzi kwenye kijia chembamba, simameni upande wa chini mpaka wapite. Mbwa abaki nyumbani. Na watoto wanaochunga msiwapige picha kana kwamba ni sehemu ya mandhari; nao wana wazazi.

Kuhusu chupa, wasiojua wajue kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa nchini, misitu ikiwemo. Anayepanda Ngong na katoni ya maji ya chupa ndogo amevunja sheria tangu langoni, hata kabla hajazitupa.

Kwako mzee, sikushauri uanze na seng'enge. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya jamii vinavyoshirikiana na KFS katika kutunza misitu, na malalamiko yakipitia huko yakiwa ya wakazi watano au sita huwa na uzito kuliko ya mmoja. Wakati mnangoja, weka ubao pale wanapoingilia, uandike kwa herufi kubwa kwamba hili ni shamba, na uchore mshale wa kuonyesha njia halali iko upande gani. Wengi hawana ubaya, wamepotea tu. Jirani mmoja wa upande huu aliweka ubao wa namna hiyo, na chini yake mkewe akaongeza kwamba kuna chai ya maziwa. Sasa Jumamosi hapitiwi tena shambani, ila sufuria hukauka kabla ya saa sita.

*Je, ni kweli kwamba Kilimanjaro huonekana kutoka Ngong? Nimekwenda mara tatu, sijauona. – Msomaji, Kasarani*

Ni kweli. Uko takribani kilomita 200 upande wa kusini, ukielekea kidogo mashariki, na Mlima Kenya uko karibu kilomita 160 upande wa kaskazini-mashariki. Nadhani mara zako tatu zilikuwa kati ya Juni na Agosti, wakati ukungu hukaa juu ya vilima hadi adhuhuri, au ulifika saa tano, wakati vumbi na mawingu yameshapanda. Nenda asubuhi inayofuata usiku wa mvua, mwezi wa Novemba au Desemba, mvua ikiwa imeosha vumbi, na uwe langoni likifunguliwa. Ukiona mawingu ya radi yanaanza kukusanyika mchana, shuka upesi, kwa sababu juu ya mgongo ule hakuna kitu kirefu kuliko wewe isipokuwa mitambo. Usiutafute mlima chini kwenye upeo wa ardhi. Inua macho juu ya mstari wa mawingu, mahali ambapo usingetarajia kuona mlima, na uangalie kitu cheupe kisichosogea.